Tarehe Kwenye Paji la Uso

Marehemu alikuwa amepigwa tarehe usoni.

Inspekta Waithera wa kitengo cha mauaji aliinama, akaisoma bila kugusa. 19 OKT. Wino wa zambarau, juu ya nyusi ya kushoto, na pale mwaka ulipostahili kuwa, mfupa ulikuwa umebonyea na damu imegandia.

"Muindi, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja, madam. Ijumaa."

"Basi muuaji wetu kalenda yake iko nyuma."

Koplo Muindi hakucheka. Alikuwa na miaka miwili tu katika kitengo hicho, na tumbo lake bado lilikuwa la raia.

Mwanamke aliyelala sakafuni aliitwa Rael Nasimiyu, umri miaka thelathini na minne, karani wa kumbukumbu katika Kliniki ya Jiwe Jeupe, ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na Barabara ya Tom Mboya. Kazi yake ilikuwa kusoma walichoandika madaktari na kuupa kila ugonjwa msimbo wake: herufi na tarakimu ambazo watu wa bima husoma kwa sababu hawana muda wa kusoma maneno. Kazi ya kukaa, ya miwani na kalamu. Hakuna anayetarajia kufa kwa kazi hiyo, tena kifo cha namna ile. Kiti kilikuwa kimepinduka. Damu ilikuwa imeruka ukutani hadi kwenye kalenda ya kanisa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivunjika alipojaribu kujikinga kichwa.

"Mapigo tisa," alisema mpasuaji maiti wa serikali, akivua glavu. "Chuma kizito chenye kona. Manne ya mwisho yalimkuta tayari amekufa. Na ndani ya jeraha kuna wino."

"Wino?"

"Uleule wa usoni. Kilichomwua ndicho kilichomwandika."

Waithera alitazama meza. Palikuwa na kidau cha wino wa zambarau, kifuniko wazi. Muhuri haukuwapo.

Wanjira, mhudumu wa mapokezi aliyeukuta mwili saa mbili asubuhi, alikuwa ameketi kwenye ngazi akijifuta machozi kwa mkono wa sweta. Waithera alikaa kando yake. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini kwa waliofiwa alijua kungoja.

"Muhuri wake hukaa wapi?"

"Hapo tu kwa meza, madam. Ni ile ya zamani ya chuma, nzito kama pasi ya makaa. Tulikuwa tunamcheka anunue ya plastiki. Alikuwa anasema ya plastiki haiheshimiki."

"Na tarehe huigeuza nani?"

"Yeye mwenyewe. Kila asubuhi akimaliza chai. Kabla ya chai hagusi faili ya mtu."

"Jana?"

"Jana ilikuwa sikukuu ya Mashujaa. Hapa juu hakukuja mtu. Chini walikuwa wa dharura tu."

Waithera aliinuka akaenda kutikisa chupa ya chai iliyokuwa dirishani. Ilikuwa imejaa pomoni. Rael alikuwa na desturi ya kufika saa moja kasorobo, kabla ya foleni. Basi aliuawa kabla hajajimiminia kikombe cha kwanza, na muhuri ukiwa bado na tarehe ya Jumatano. Askari wa mlango wa chini alikiri kwamba saa moja alikuwa amevuka barabara kununua mandazi. Waithera alimwambia neno moja ambalo halifai kuandikwa hapa.

Wanjira alimfuata na bahasha mkononi.

"Madam, na hii? Daktari Fidel amerudi kutoka likizo jana, akaiacha kwa sanduku yetu ya mapokezi. Ni ya Rael."

"Weka na hizo zingine."

Bahasha ikaingia katika kasha la vielelezo pamoja na kalamu, miwani iliyopasuka na rundo la karatasi. Kosa hilo lilikuwa la Waithera peke yake, na baadaye hakumtupia mtu mwingine.

"Kuna mtu amegombana naye siku hizi?"

Wanjira alitazama vidole vyake. "Kuna mzee wa Loresho. Kihara. Jumatano alipiga hiyo meza, akamwambia, 'Msichana, nitakumaliza.' Sote tulisikia."

"Kisa na maana?"

"Ni mambo ya wanaume, madam."

"Mimi ni polisi. Sema."

"Mrija wa mkojo umesinyaa. Mkojo hautoki vizuri. Daktari aliandika ni kovu la kisonono, so Rael akaweka N35.1. Hiyo ni ya waliofinyika baada ya maambukizi. Yeye alitaka N35.0, ya waliofinyika baada ya kuumia."

"Tofauti ni tarakimu moja?"

"Moja tu. Lakini bima ni ya kazi ya mke wake. Barua zinaenda kwa mke."

Muindi alipiga mluzi. Waithera alimkata jicho, kisha akauliza, "Kwani Rael hangeweza kuibadilisha tu?"

"Huyo? Karani haandiki kile daktari hajaandika, madam. Ukiona kitu hakikai sawa, unaandika karatasi ya swali, ile ya manjano, unampelekea daktari. Akijibu ndiyo unabadilisha. Rael hangeruka hiyo hata kwa mamake."

*

Norman Kihara alikuwa kitandani, Loresho, katika chumba chenye mapazia mazito. Mfuko wa mkojo ulining'inia ubavuni mwa kitanda, nusu umejaa, rangi ya waridi. Aliufunika kwa ncha ya shuka walipoingia, na kwa hilo Waithera karibu amhurumie.

"Ulimwambia Rael Nasimiyu utammaliza."

"Maneno ya hasira."

"Ameuawa asubuhi ya leo."

Mzee alifumba macho. Alipoyafungua yalikuwa na hofu ya kweli. "Saa ngapi?"

"Wewe ndiye uniambie ulikuwa wapi kuanzia saa kumi na mbili."

"Nilikuwa chali, mama! Hospitali nyingine, meza ya upasuaji, miguu juu kama mwanamke anayejifungua. Walikuwa wananipanua huo mrija. Uliza daktari, uliza manesi wote, walikuwa sita. Nilihesabu."

"Tutauliza. Jumatano ulimtaka Rael afanye nini?"

"Aandike niliumia. Wife akisoma hiyo barua nimekwisha. Miaka thelathini na moja ya ndoa." Alipumua. "Unajua aliniambia nini, msichana mdogo vile? Aliniambia, 'Mzee, ukitaka jeraha, nenda kwanza ukaanguke.'"

Waithera alijizuia kutabasamu. Alikuwa ameanza kumpenda marehemu, jambo ambalo katika kazi yake halikuwa na faida yoyote.

"Mlikuwa wawili tu?"

"Kulikuwa na jamaa mwingine kwa mlango. Wa mjengo, ameshika helmeti. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa analia. Alimwuliza yule msichana, 'Huyu anatafuta jeraha na hana. Mimi ninayo, mbona umeniandikia ugonjwa?'"

"Akajibiwaje?"

"'Ngoja daktari arudi, ndugu yangu. Ngoja kidogo tu.' Mimi nilikuwa na yangu. Nikatoka."

*

Hospitali ilithibitisha habari za Kihara Jumamosi asubuhi, mpaka idadi ya manesi. Waithera aliweka simu chini na papo hapo akalikumbuka kasha. Alijitukana kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu anayesoma orodha, kisha akaichana bahasha.

Ndani mlikuwa na karatasi ya manjano. Mwandiko wa Rael ulikuwa wa duara, msafi.

*Swali la tatu. Faili 4417, Dalmas Omollo, miaka 36, fundi wa vyuma, Spring Valley. Umeandika: mrija wa mkojo umesinyaa, aliwahi kuugua kisonono. Mgonjwa ameleta nakala ya daftari la ajali la kazini: miaka miwili iliyopita aliteleza akaangukia boriti, mguu huku na mguu huku, akakojoa damu siku tatu. Je, chanzo ni maambukizi au jeraha? Daktari, huyu mtu nyumba yake inavunjika. Tafadhali usikae na hili.*

Nyuma yake palikuwa na jibu, mistari mitatu, limeandikwa siku ya Mashujaa. Waithera alilisoma, akaketi chini polepole.

"Madam? Kuna nini?" Muindi aliuliza.

"Pigia Wanjira. Aangalie rafu, kama faili 4417 liko."

Halikuwepo. Kati ya 4416 na 4418 palikuwa na pengo la unene wa kidole.

Huko Spring Valley, jengo la ghorofa tatu lilikuwa linapanda nyuma ya ukuta wa michongoma. Nyapara aliwapokea akiwa na chapati mkononi.

"Dalmas hayuko, mathe. Jana pia hakukuja job. Leo ako Kangemi kwa mashemeji."

"Kufanya nini?"

"Wazee wa bibi yake wametoka Siaya. Wanataka kumchukua na watoto. Huyo Awuor ni housegirl Lavington. Sasa, barua ya hospitali ilikuja na Kizungu, akaipelekea mwajiri wake amsomee. Mwajiri akamwambia hapa imeandikwa bwanako ana gono. Hata hakurudi kwa nyumba, alienda kwa kaka yake na watoto."

"Na ni kweli alianguka hapa?"

"Mbele yangu! Niliandika kwa kitabu mimi mwenyewe. Lakini wazee wamesema hawataki kitabu ya mjengo. Wanataka karatasi ya hospitali iko na muhuri. Hapa Nairobi, karatasi bila muhuri ni ya kufungia njugu." Alitafuna. "Jana jioni alinipigia simu, akasema ameipata."

*

Kaka yake Awuor alikaa chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko la Kangemi. Wazee wawili walikuwa kwenye kochi, soda mezani hazijaguswa. Awuor alisimama karibu na mlango, amembeba mtoto mgongoni, uso umevimba kwa kulia. Masanduku mawili yalikuwa tayari yamefungwa kamba. Katikati ya chumba alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi, mfuko wa kitambaa begani.

Mzee mmoja, baba mdogo wa Awuor, alikuwa ameinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa kweli iko sifuri," alikuwa akisema. "Na muhuri ninaona. Nyar'owadwa, binti ya ndugu yangu, njoo uone."

"Baba, naomba niione mimi kwanza," Waithera alisema kutoka mlangoni.

Aliichukua kabla hawajamwuliza yeye ni nani. Tarakimu ya moja mwishoni mwa msimbo ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe hadi karatasi ikatoboka, na sifuri kuandikwa juu yake kwa mkono mzito. Makarani wa kumbukumbu hawakwangui. Hupiga mstari mmoja, wakatia saini na saa. Kando palikuwa na muhuri wa zambarau. 19 OKT. Ukingo wake mmoja ulikuwa umeacha rangi nyingine, ya kahawia, kama kutu.

"Dalmas Omollo, nani alikupigia huu muhuri?"

"Yule dada wa kliniki."

"Lini?"

"Jumatano."

"Jumatano alikuambia ungoje. Kuna mtu alisikia. Huo mfuko una nini?"

Dalmas alimtazama mkewe. Halafu mkono ukaingia mfukoni na kutoka na chuma.

Muindi aliruka mbele. Pigo lilimpata begani, na kila aliyekuwemo chumbani alisikia mfupa wa mtulinga ukikatika. Meza ilipinduka, chupa zikapasuka. Pigo la pili lilikuja kichwani kwa Waithera. Alijipinda, likang'oa kizingiti cha mlango na vipande vikamchana shavu. Mzee mmoja aliangukiwa na kabati. Mtoto mgongoni alipiga ukelele. Waithera hakurudi nyuma, kwa sababu nyuma yake alikuwa mama na mtoto. Aliokota shingo ya chupa iliyovunjika, akamkita nayo kwenye mkono uliokuwa umeinuliwa. Damu ilimrukia kooni. Dalmas alinguruma, chuma kikamtoka, na Muindi kwa mkono wake mmoja mzima akamkumba miguu wote wakaanguka juu ya vigae vya chupa. Waithera alimkalia mgongoni akifunga pingu, akihema, na akitamani kumpiga hata baada ya kumfunga. Hakumpiga, lakini alitamani.

Chuma kilibingirika hadi miguuni mwa Awuor. Alikitazama. Katikati ya tarakimu za tarehe palikuwa na unywele mmoja mrefu umekwama.

"Dalmas," alisema kwa sauti ndogo sana. "Hiyo ni nywele ya nani?"



*

Saa nane mchana, katika chumba cha mahojiano, mkono wa Dalmas ulikuwa umefungwa bendeji na shavu la Waithera lilikuwa na nyuzi nne. Dalmas alishaelezwa haki zake, pamoja na haki ya kunyamaza. Alisema amechoka kunyamaza.

"Kliniki waliniuliza swali moja," alianza. "'Umewahi kutibiwa kisonono?' Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kisumu, Awuor hata sijamjua. Nilipigwa sindano nikapona."

"Na kuanguka?"

"Hakuna mtu aliuliza. Mimi nikiulizwa najibu. Sikujua hiyo ndiyo ilikuwa maneno." Alicheka bila furaha. "Ningedanganya, afande, saa hii niko kwangu."

"Ijumaa asubuhi."

"Nilifika saa moja. Nilimwambia wazee wanakuja kesho. Nilimwambia, dada, wewe unajua nilianguka, umeona kitabu. Andika tu sifuri. Akasema anajua. Akasema, 'Nakuamini, Dalmas, lakini siwezi kuandika nisichoandikiwa.'"

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga magoti."

"Halafu?"

"Akasema nikunywe chai na yeye, daktari atakuwa amerudi. Akageuka kuchukua vikombe. Chai. Watoto wangu wanapandishwa basi, na mimi naambiwa chai. Muhuri ulikuwa hapo tu. Nilitaka kuuchukua nijipigie mwenyewe. Alinishika mkono. Nikampiga ili aniachilie."

"Mara tisa?"

"Sikuhesabu."

"Mpasuaji maiti alihesabu. Manne ulimpiga ameshakufa."

Dalmas aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza. Mabega yalitikisika. Waithera alimwacha alie, na hakumwonea huruma, na wakati huohuo alimwonea huruma, na mchanganyiko huo ulimkera.

"Halafu ukafanya nini?"

"Nilikwangua ile moja. Nikapiga muhuri. Nikachukua faili." Aliinua uso. "Awuor ako wapi?"

"Ameondoka na wazee saa saba."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua. Waithera alitoa karatasi ya manjano, akaigeuza upande wa nyuma, akaisukuma mbele yake.

"Hii ilikuwa kwa sanduku la mapokezi tangu juzi mchana. Ghorofa moja chini ya pale ulipopigia magoti."

Dalmas aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, akifuata kwa kidole ambacho bado kilikuwa na wino wa zambarau.

"'Kovu ni moja, fupi, mahali palepale alipoangukia. Kosa ni langu, sikumwuliza. Ni jeraha: badilisha iwe N35.0, upige muhuri, na mwombe mgonjwa radhi kwa niaba yangu.'"

Alirudia mstari wa mwisho kimoyomoyo. Kisha akaigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye taa na kuitazama vizuri, kama baba mdogo wa Awuor alivyofanya.

"Haina muhuri," alisema.

Muhuri ulikuwa mezani kati yao, ndani ya mfuko wa plastiki, umebandikwa namba ya kielelezo.